Gari linalolala kwenye kona: tunajibu maswali ya shokapu, springi na baa

Mafundi, salaam. Nina Subaru Forester SG5 ya 2005 na kila wiki napanda na kushuka barabara ya Mombo hadi Lushoto. Kwenye zile kona gari linalala sana, nyuma linaelea kama mtumbwi, na usukani unachelewa kuitikia. Nimeshauriwa ninunue shokapu za kurekebisha kimo niliteremshe inchi mbili. Nifanye hivyo?
*Msomaji, Lushoto*

Usiliteremshe, ndugu yetu, na hasa si kwa inchi mbili.

Gari la kilo 1,400 likikata kona kwa kasi ya kukubana mlangoni, uzito wa kilo 300 hivi huhama kutoka tairi za ndani kwenda za nje. Kwa kasi ileile na kona ileile, kiasi hicho huamuliwa na urefu wa kitovu cha uzito kutoka chini na upana kati ya tairi za kushoto na kulia. Springi ngumu haziupunguzi. Kazi ya springi, shokapu na baa ya stabilaiza (chuma kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili bodi isilale) ni kuamua uzito huo uhame upesi kiasi gani, na ubebwe zaidi na tairi za mbele au za nyuma. Ndiyo maana gari lililokazwa kama mkokoteni huweza kuteleza kwenye kona ambayo gari laini lenye shokapu nzima linapita bila taabu.

Kuteremsha hushusha kitovu cha uzito kidogo, lakini angalia kinachotokea chini. Kontroli amu za mbele, yaani mikono ya chuma inayoshika gurudumu kwa chini, ambazo kwa kimo cha kiwandani hulala karibu sawa na ardhi, sasa ncha zake za nje zinapanda juu kuliko za ndani. Hapo ile nukta ambayo bodi huinamia inashuka upesi kuliko kitovu cha uzito, na bodi inapata mkono mrefu zaidi wa kujiinamishia. Tairod, yaani fimbo zinazogeuza tairi kutoka kwenye usukani, nazo zinakaa mshazari, kwa hiyo tairi ikipanda juu ya tuta inajigeuza yenyewe bila wewe kugusa usukani. Kisha shokapu inafika mapema kwenye raba yake ya mwisho. Ikishaigonga katikati ya kona, tairi ya nje inakuwa kama haina springi kabisa, na hapo ndipo pua inapoachia ghafla. Kwa barabara yenye viraka na kingo zilizoliwa na mvua, huo mwendo wa springi unaotaka kuukata ndio unaokushikilia barabarani.

Anza na tairi. Pitisha kiganja juu ya kashata (michoro ya tairi inayogusa barabara) kutoka nje kwenda ndani, halafu rudisha. Ukihisi laini ukienda njia moja na meno kama ya msumeno ukirudi, tou (yaani tairi kuelekea ndani au nje) imeharibika. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 2319 ni tairi iliyotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye miaka minane inaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira wake umekauka, na mpira mkavu haushiki lami iliyolowa, hata ufunge shokapu za mashindano. Kwa kuwa Forester huendesha magurudumu yote manne, weka tairi nne za aina moja ambazo mizunguko yake haitofautiani zaidi ya milimita 6 hivi. La sivyo unaitesa giaboksi.

Pili, kagua bushi, yaani raba za kwenye maungio, kabla ya kununua chochote. Weka gari kwenye stendi imara, ingiza mtalimbo kando ya bushi ya nyuma ya kontroli amu, kisha sukuma. Bushi nzima hunyumbuka kidogo na kurudi. Iliyokufa huonyesha raba iliyopasuka, au amu inahama mbele na nyuma. Hiyo peke yake huleta usukani wa kuchelewa unaousema. Tingisha pia linki za stabilaiza (viungo vifupi vya kwenye ncha za baa) kwa mkono: zenye uchezaji hulia kok-kok kwenye vishimo vidogo, na baa haianzi kazi mpaka uchezaji wote umekwisha.

Tatu, huko nyuma kunakoelea. Forester nyingi za SG zilitoka kiwandani na shokapu za nyuma zinazojipandisha zenyewe gari likipakia mzigo. Shokapu hizo hubeba sehemu ya uzito, hivyo springi zake ni laini. Zikifa, mkia unaning'inia. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kufunga shokapu za kawaida na kuacha springi zilezile: gari linakaa chini nyuma na kuyumba kuliko mwanzo. Ukibadilisha aina ya shokapu, badilisha na springi zake, ekseli nzima kwa pamoja. Mpe muuza spea namba ya chesisi, asikadirie kwa macho.

Wakati wa kufunga mbele, bolti ya juu kati ya zile mbili zinazoshika shokapu kwenye nako (chuma kinachobeba kitovu cha gurudumu) ni ya mhimili usio katikati, na ndiyo inayorekebisha kemba, yaani mlalo wa tairi. Piga alama ya patasi au rangi kwenye kichwa chake kabla hujaigusa. Fungua mabano ya paipu ya breki na waya wa ABS, usiache kitu kikining'inia kwenye paipu. Nati ya katikati, juu kabisa, haifunguliwi mpaka springi imebanwa kwa vibanio viwili vinavyotazamana na imelegea kwenye kiti chake. Springi iliyofyatuka huvunja taya la mtu. Weka maunti mpya ya juu, ile inayoshika shokapu kwenye bodi, kama ya zamani ina uchezaji.

Na hili tunalisisitiza: bolti zote zinazopita kwenye bushi za raba zikazwe mwisho wakati gari limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza likiwa limening'inia kwenye jeki, raba inashikwa katika mkao wa kuning'inia. Ukiliteremsha chini inakaa imesokotwa siku zote, na baada ya miezi michache inachanika. Bushi nyingi zinazolaumiwa kuwa feki ziliuawa hivi.

Baada ya hapo, kama bado unataka gari lisilale, nunua baa ya nyuma nene kidogo. Pima unene wa ile ya sasa kwa venia (kipimo cha milimita). Ugumu wa baa isiyo na tundu huongezeka kwa unene ukizidishwa wenyewe mara nne: ukitoka milimita 16 kwenda 20, unene umeongezeka robo lakini ugumu ni mara 2.4. Basi usiruke hatua mbili kwa mpigo. Mabano yanayoshika baa hiyo kwenye bodi ya Subaru za kizazi hiki ni mepesi. Kwa baa nene hupinda kisha hukatika, kwa hiyo nunua pamoja na mabano mazito.

Alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za tairi, huja mwisho. Mbele weka kemba ya digrii hasi 1 hadi hasi 1.5 (juu ya tairi kukiinamia ndani), kushoto na kulia zisipishane zaidi ya nusu digrii, tou sifuri au milimita 1 kuelekea ndani. Springi mpya hushuka kidogo, kwa hiyo rudi kupima baada ya kilomita 500 hivi.

Nina Toyota Runx ya 2004. Nikiingia kona haraka pua inakimbilia nje, hata nikikata usukani zaidi. Nifunge baa nene mbele?
*Msomaji, Nakuru*

Baa nene mbele itakuongezea tatizo. Tairi ikiongezewa uzito mara mbili haishiki barabara mara mbili. Inashika pungufu ya hapo. Baa ya mbele huifanya tairi ya mbele ya nje ibebe sehemu kubwa zaidi ya uzito unaohama, na hiyo ndiyo iliyokwisha kulemewa.

Jaribio la kwanza halina gharama. Asubuhi, tairi zikiwa baridi, weka upepo ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kisha ongeza psi 2 mbele tu, ulipitishe kwenye mzunguko mpana usio na magari, kwa mwendo wa kawaida. Mara nyingi tofauti inahisika.

La pili ni kemba. Mbele ya Runx haina bolti ya kurekebisha, lakini bolti nyembamba za kubadilishia pale shokapu inaposhikana na nako hukupa karibu digrii moja. Ukipata hasi 1 kila upande, tairi ya nje italala sawa kwenye lami gari linapoinama badala ya kusimamia bega lake. Tou lazima ipimwe upya, kwa kuwa kemba ikibadilika tou huhama nayo.

Baa ya nyuma ndiyo ya tatu. Runx inayoendesha magurudumu mawili ina boriti ya kujisokota nyuma, na baa ya ziada hufungwa kwenye boriti hiyo. Husaidia kweli, lakini ikizidi, siku ya mvua ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona mkia unakutangulia. Tairi za nyuma zisiwe mbovu kuliko za mbele kwenye gari lenye baa hiyo.

Fundi aliniwekea spesa (vipande vya kuinulia gari) za inchi mbili kwenye Premio ili isigonge matuta. Sasa inayumba kwenye kona na buti za CV (mifuko ya raba ya viungo vya ekseli) zimechanika mara mbili mwaka huu.
*Msomaji, Morogoro*

Pole dada, sababu ni spesa hizo. Kitovu cha uzito kimepanda milimita 50, hivyo uzito mwingi zaidi unahama kwenye kila kona. Gurudumu likining'inia sasa linashuka chini zaidi ya lilivyokusudiwa. Ekseli inapinda kwa pembe kali na buti inajisugua. Kemba nayo imeelekea chanya, tairi inakanyaga kwa bega la nje.

Rudi hadi milimita 25, za alumini au poliyuretheni ngumu, mbele na nyuma zilingane, na alaimenti ifanywe siku hiyohiyo. Kama bado unagonga, tatizo huenda ni springi zilizochoka. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne, ukalinganishe na Premio nyingine isiyoguswa. Springi mpya za kimo cha kiwandani hurudisha ulichopoteza bila kuharibu pembe za ekseli.

Naweza kukata koili moja ya springi badala ya kununua fupi?
*Msomaji, Mombasa*

Usikate. Springi ya koili sita zinazofanya kazi ikibaki na tano huwa ngumu kwa asilimia 20, na shokapu ya zamani haiwezi kuituliza, kwa hiyo gari linadunda. Ncha iliyokatwa haikai kwenye kiti chake, na ikikatwa kwa gesi joto huondoa ugumu wa chuma karibu na mkato, mahali inapoanza kuvunjika. Gurudumu likiingia shimoni na kuning'inia, springi fupi huchomoka kwenye kiti na kurudi imekaa upande. Kama ilishakatwa, nunua jozi nzima ya ekseli hiyo, na kabla ya kufunga safisha viti na uangalie raba zake kama hazijaliwa na ncha.