Maswali kwa fundi wa umeme wa magari: vitu vya volti 12 ndani ya lori la jeshi

Maswali ya magari ya zamani ya jeshi yamezidi siku hizi. Watu wa Malindi wananunua Bedford na Land Rover za mnada, wanabebea maji, mawe na watalii wa Nyari, lile bonde la Hell's Kitchen kule Marafa, halafu wanataka redio, chaji ya simu, na wengine friji. Mengi ya magari hayo ni ya volti 24, na vitu vya dukani ni vya volti 12. Nimechagua maswali yanayowagusa wengi.

Salaam fundi. Bedford yangu ya jeshi napelekea maji Magarini. Fundi wa kwanza alinifungia redio na soketi ya simu kwa kuchukua umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili. Betri hiyo haidumu, na ile ya pili inakauka maji kila mara. Nimenunua mpya, hali ni ile ile. Je, ni alteneta? (Gongoni)

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Usiiguse alteneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka. Kosa liko kwenye huo waya wa redio.

Betri zako zimeungwa kwa mfuatano: chanya ya moja imeshikana na hasi ya nyingine. Alteneta haijui kwamba ziko mbili. Inaona jumla tu, na regyuleta, kidhibiti chake cha chaji, inaishikilia jumla hiyo karibu na volti 28. Redio ikinyonya betri moja, hiyo inabaki na njaa wakati mwenzake ameshiba, na chakula kinachokuja kinapita kwa wote wawili sawasawa.

Ukitaka kuliona kwa macho, washa injini, chukua mita, upime kila betri peke yake. Lori lililo sawa litakupa kama 14 na 14. Lako huenda likakupa kitu kama 13.2 upande unaonyonywa na 14.8 au zaidi upande wa pili. Ile ya 13.2 haijai hata siku moja. Bamba zake zinaota salfeti ngumu na inakufa. Ile nyingine inachemka, na maji yake yanatoka yakiwa haidrojeni na oksijeni, mchanganyiko unaolipuka kwa cheche moja tu. Ndiyo maana nawaomba mafundi wenzangu waache kabisa mtindo huu. Mteja hatarudi na betri mbovu tu, anaweza kurudi na macho yaliyoingia asidi.

Utoe waya huo. Nunua konveta, yaani kifaa cha kushusha volti 24 ziwe 12, na iingize umeme kutoka betri zote mbili kwa pamoja, yaani kwenye ile chanya ya mwisho inayokwenda kwenye stata, na hasi kwenye chesisi. Kabla hujaifunga, hakikisha kwa mita kwamba chesisi ndiyo hasi, kwa sababu magari kadhaa ya zamani ya Uingereza yalifungwa chanya kwenye chesisi. Betri zichaji moja moja kwa chaja ya volti 12 mpaka zijae. Ikibidi kununua, nunua mbili za aina moja kwa siku moja.

Soketi ya simu soma maandishi yake, nyingi zinakubali 12 hadi 24. Spotlaiti nunua za 24 moja kwa moja. Vitu hivyo havihitaji konveta.

Konveta yangu ina fyuzi ndani. Niweke nyingine? Na umeme nichukue kwenye swichi ya taa? (Dereva, Watamu)

Weka. Fyuzi ya ndani inalinda konveta, lakini ule waya unaotoka betri hadi kwenye kebini hauna mlinzi. Ukikwaruzwa na chuma ukapiga shoti, betri mbili za lori zina nguvu ya kuuyeyusha mzima. Fyuzi ikae shubiri moja kutoka kwenye betri, isizidi hapo. Konveta ya ampea 10 inatoa wati 120, na upande wa 24 inavuta ampea tano na ushei hadi sita. Waya wa milimita mraba 2.5 na fyuzi ya 10 vinatosha.

Swichi ya taa usiiguse. Swichi ya jeshi ina nafasi za taa za kificho (taa hafifu za kutoonekana na adui), na ukiigeuza inakata vitu ambavyo hukukusudia kuvikata. Funga relei, yaani swichi inayovutwa kwa umeme, iwashwe na swichi kuu ya gari. Hakikisha koili ya relei ni ya volti 24, maana ile ya 12 inayouzwa kila duka itaungua.

Shikamoo fundi. Mimi ni mchuuzi wa samaki. Friji yangu itakaa nyuma ya lori, mita sita kutoka kwenye betri. Konveta niifunge mbele au nyuma? Naweza kuiacha friji ikiwaka usiku? (Mambrui)

Marahaba mwanangu. Kwanza igeuze friji usome kibandiko. Friji nyingi za gari zenye kompresa zinakubali 12 na 24 zote. Kama yako ni hivyo, umeokoa pesa ya konveta.

Kama ni ya 12 tu, konveta ikae nyuma, karibu na friji. Kwenda na kurudi ni mita 12 za waya. Ukituma ampea tano za volti 12 kwa waya wa 2.5, utapoteza karibu nusu volti njiani, na kompresa ikianza kuvuta kwa nguvu itazima. Ukituma 24 mpaka nyuma, ampea zinakaribia kuwa nusu, na nusu volti uliyokuwa ukipoteza inabaki robo hivi, tena kati ya 24.

Usiku, nunua konveta inayojizima betri zikishuka kati ya volti 24 na 24.5, ili asubuhi stata izunguke. Friji isiyo na kompresa, ile ya feni tu, inavuta bila kupumzika. Hiyo usilale nayo.

Tangu nifunge konveta, redio inavuma stesheni zote. (Malindi mjini)

Konveta inakata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kelele hiyo inaingia kwenye eriali. Isogeze mbali na redio, fupisha nyaya zake, athi ya eriali, pale inaposhikana na bodi, uikwangue mpaka chuma king'ae, na uvishe pete ya feraiti (pete nyeusi ya sumaku inayozuia kelele) kwenye waya wa kutokea kwenye konveta. Land Rover za jeshi zilizotengenezewa redio zilifunikwa mfumo mzima wa plagi kwa chuma kwa sababu hiyo hiyo. Konveta ya bei ya chini kabisa mara nyingi haina chujio ndani, na hakuna ujanja utakaoinyamazisha.

Marehemu baba aliniachia jipu la Willys la Vita vya Pili. Ni la volti 6. Naweza kuchaji simu? (Mama, Malindi)

Mungu amrehemu, mama. Usikubali mtu alibadilishe kuwa la 12 kwa ajili ya simu. Kuna konveta ndogo za kupandisha 6 kuwa 12. Au beba betri ndogo ya 12 pembeni, uichaji nyumbani.

Nyaya ninazofunga zinageuka kijani ndani ya miezi michache. (Fundi mwenzenu, Ngomeni)

Ni chumvi, kaka, hasa msimu wa kusi. Usitumie waya wa nyumba. Tafuta waya wa shaba uliopakwa bati, ule wa mashua, na viungo uvibane kwa koleo lake, kisha uvike mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Tepu peke yake inashika unyevu na kuufungia humo humo. Athi ndiyo inayosahaulika: rangi ya jeshi imepakwa tabaka juu ya tabaka, hivyo kwangua mpaka chuma kitupu, weka washa ya meno (kile kipete cha chini ya nati), kaza, kisha paka grisi juu. Na kila waya unaoongeza uandike jina kwenye ncha zote mbili. Malori ya jeshi la Marekani yana kibati chenye namba kwenye kila waya, na fundi anayelifungua leo bado anajua kila waya unakwenda wapi.