Mguu Bandia Unapochosha Akili

SWALI: Mhariri, nilikatwa mguu wa kulia juu ya goti baada ya ajali ya bodaboda, na sasa natumia mguu bandia wenye goti la kawaida. Ifikapo jioni huchoka kichwa kuliko mwili, na mtu akinisalimu njiani hunibidi nisimame kwanza ndipo niitikie. Je, goti la kompyuta lingeniondolea taabu hii?
Msomaji, Gulu

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa yaliyokufika. Uchovu huo ni wa kweli, wala si udhaifu wa moyo. Mguu wa asili huupasha ubongo habari za goti na wayo bila mwenyewe kujua. Ukikatwa, habari hizo hukoma, na kazi hiyo huangukia macho na fikra, ambavyo hukagua kila jiwe na kila mteremko. Watafiti hupima jambo lilo hilo linalokusimamisha njiani: humtaka mtu atembee huku akihesabu kinyumenyume, akitoa tatu tatu, wakaona kama mwendo utapungua au hesabu itaharibika.

Goti la kompyuta, kama C-Leg iliyotolewa mwaka 1997 na kampuni ya Ottobock ya Ujerumani, lina vihisi vinavyopima pembe ya goti na uzito unaouelemea mguu mara nyingi kwa sekunde, kisha hukaza au kulegeza haidroliki, yaani mfumo wa mafuta ulio ndani ya goti, ili goti lisikunjike ghafla unapojikwaa. Watumiaji wengi husema hawaifikirii tena kila hatua, ingawa vipimo vya kuhesabu havijakubaliana. Kwa maoni yangu, hofu ya kuanguka hupungua, lakini hisia ya wayo hairudi. Tena bei yake ni kubwa mno (usiuze shamba kwanza!), nalo hutaka umeme wa kuchaji na fundi aliyesomea kulirekebisha.

Anza na soketi, yaani kikombe cha mguu bandia unachokivaa. Kigutu, ile sehemu ya mguu iliyobaki, hupungua unene kadiri siku inavyosonga, hivyo soketi iliyokaa sawasawa asubuhi huweza kucheza alasiri, nayo ikicheza huna budi kuichunga kila hatua. Tembea na soksi za kigutu za akiba, uongeze moja inapolegea. Mwombe fundi wa viungo bandia hapo Gulu akague pia mpangilio wa goti na wayo, kisha mtaalamu wa fiziotherapia akuzoeze kutembea huku mkizungumza, kwanza kwenye sakafu tambarare, baadaye kwenye njia ya mawe.