Miche 5,000 ya mwarobaini, au visiki vilivyopo?

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji, wilayani Chamwino. Tuna eneo la hekta 20 lililokatwa miti kwa ajili ya mkaa. Tumeahidiwa miche 5,000 ya mwarobaini, na fomu ya mradi inataka tuoneshe kuwa bioanuwai imeongezeka. Inapimwaje? Na miche hiyo itatosha kuonesha hilo?

Jibu: Ndugu mjumbe, miche hiyo ikistawi yote mtakuwa na miti mingi zaidi, lakini kipimo cha bioanuwai huenda kikashuka.

Mkataba wa Bioanuwai wa 1992, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1996, unaitazama anuwai katika ngazi tatu: ndani ya spishi moja, kati ya spishi na spishi, na ya mifumo ikolojia. Kamati ya kijiji inaimudu ngazi ya pili, nayo ina mambo mawili: aina ziko ngapi, na zimegawanaje nafasi. Gunia la mahindi lililoangukiwa na kunde chache lina aina mbili za punje. Makande yaliyochanganywa nusu kwa nusu nayo yana mbili, ila ukichota punje mbili bila kuangalia, ni kwenye makande ndiko utakakopata punje tofauti mara kwa mara. Kipimo cha Simpson kinapima uwezekano huohuo.

Chukua mfano wa miti 100: migunga 40, mikole 25, mitunduru 20, mipingo 10, mikwaju 5. Geuza kila aina kuwa sehemu ya jumla (0.40, 0.25, 0.20, 0.10, 0.05), zidisha kila namba kwa yenyewe, jumlisha, kisha toa kwenye 1. Jumla ni 0.275, kwa hiyo kipimo ni takribani 0.73. Sasa ongeza miarobaini 400. Miti imekuwa 500, aina zimetoka tano hadi sita, na kipimo kimeporomoka hadi 0.35. Mkaguzi anayejua kazi yake ataliona hilo mara moja.

Kupima uwandani kunahitaji kamba ya mita 10, kigingi na daftari. Pitisheni mistari iliyoachana mita 100, na katika kila mstari simameni kila baada ya mita 100. Kwa hekta 20 mtapata takribani vituo 20. Pigilieni kigingi, zungukeni na kamba iliyonyooka, na mwandike kila mti ulio ndani ya duara. Duara moja ni mita za mraba 314, hivyo wastani wa miti kwa duara ukizidishwa kwa 32 unakupa idadi kwa hekta.

Makosa hutokea hapo hapo. Kigingi kinasogezwa kidogo kufuata kivuli, na takwimu zote zinaharibika; kama kituo kimeangukia penye ardhi tupu, andikeni sifuri. Kwenye mteremko kamba ishikwe usawa, isilale juu ya ardhi. Mti ulio mpakani unahesabiwa iwapo katikati ya shina imo ndani. Na kisiki chenye machipukizi 12 ni mti mmoja, si 12. Pimeni mwezi uleule kila mwaka, ikiwezekana Machi au Aprili majani yakiwapo. Mzee anayejua majina ya Kigogo ni wa lazima, ila jina moja la kienyeji huweza kubeba spishi mbili, kwa hiyo penye shaka kaushieni tawi ndani ya gazeti mkamwoneshe afisa misitu wa wilaya.

Kuhusu kurudisha uoto, anzeni na visiki. Mti uliokatwa kwa mkaa mara nyingi mizizi yake iko hai, na mizizi hiyo imeshafika chini ambako mche wa miezi sita hautafika kabla ya kiangazi chetu cha Mei hadi Novemba. Kazi hii ndiyo inayoitwa kisiki hai. Chagueni machipukizi matatu hadi matano, yaliyo manene na yaliyonyooka, mengine yakatwe karibu na kisiki kwa panga kali. Panga butu huchana gome na kuacha jeraha linalooza. Kwenye yaliyobaki punguzeni matawi ya chini, lakini msivuke nusu ya urefu, maana shina jembamba lenye kichwa kizito hulazwa na upepo. Fungeni kitambaa cha rangi ili mchungaji na mkata kuni wajue kuwa kisiki kina mwenyewe. Rudini baada ya miezi miwili au mitatu, kwa sababu kitachipua tena. Matawi ya miba mliyokata yazungusheni hapohapo kuzuia mbuzi.

Mwarobaini si mti mbaya. Ni mgeni kutoka Asia Kusini, unavumilia ukame, na ndege husambaza mbegu zake. Huko Saadani umeshahesabiwa kuwa spishi vamizi. Uombeeni nafasi shuleni, zahanati na majumbani, mnakohitaji kivuli. Ndani ya zile hekta 20 pandeni tu mahali pasipo na visiki, na ombeni mradi ubadilishe sehemu ya miche iwe mikwaju, mipingo na mibuyu.

Bila ulinzi, yote haya ni chakula cha mbuzi. Kondoa mifugo iliondolewa mwaka 1979 na uoto ukarudi, ila gharama waliibeba wafugaji. Kwenu kipande kimoja kifungwe kwa misimu michache huku kingine kikiachwa wazi, na njia ya kwenda kwenye maji isiguswe. Sheria ndogo iandaliwe na Halmashauri ya Kijiji, ipitishwe na Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha iidhinishwe na Halmashauri ya Wilaya. Kabla ya hatua hiyo ya mwisho, faini mnayotoza ni rahisi kupingwa. Mkitaka ulinzi wa kudumu, Sheria ya Misitu namba 14 ya 2002 inaruhusu msitu wa hifadhi wa kijiji.

Ila pimeni kwanza, kabla mche wa kwanza haujaingia ardhini. Mkipima baada ya kupanda, hamtakuwa na namba ya kulinganisha nayo.