Kwa nini kichocho kimerudi baada ya dawa?

SWALI: Assalaam alaykum, Daktari. Mwanangu ana miaka 11 na anasoma skuli moja ya Kaskazini Pemba. Mwaka jana alimeza vidonge vya kichocho hapo skuli, na damu katika mkojo ikakatika, lakini mwezi uliopita imeanza tena. Jirani zangu wananiambia kuwa dawa hizi hazina nguvu. Je, nitafute dawa nyengine? (Mama wa Pemba)

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Umefanya vyema kuuliza mapema, maana damu katika mkojo wa mtoto si jambo la kusubiri. Dawa hiyo, prazikwanteli, bado ina nguvu, ila huua minyoo iliyokwisha kukomaa, ile inayokaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Minyoo michanga, iliyoingia mwilini wiki chache kabla ya mtoto kumeza vidonge, huponyoka, ikakua na kutaga mayai. Tena dawa hii si chanjo, kwa hivyo mtoto aliyepona akirudi kuoga katika kijito kile kile huambukizwa upya.

Haya yameonekana hapa hapa Visiwani. Kuanzia 2012 hadi 2017 ulifanyika utafiti katika shehia 90 (shehia ni mtaa au kijiji chini ya sheha), yaani 45 za Unguja na 45 za Pemba, ambamo wananchi waligaiwa vidonge mara mbili kwa mwaka. Theluthi moja ya shehia ziliongezewa dawa ya kuua konokono majini, ambao ndani yao vijidudu vya kichocho hukua kabla ya kumwingia mtu, na theluthi nyengine ziliongezewa elimu kwa watoto, pamoja na sehemu za kukojolea na za kufulia. Maradhi yalipungua sana, lakini maambukizi hayakukatika, na nyongeza hizo hazikuleta tofauti ya wazi na shehia zilizopewa vidonge pekee. Watafiti walisema huenda zingefaa zaidi lau zingepangwa kwa kufuata hali ya kila mahali na kuendelezwa kwa muda mrefu zaidi. Nami naliunga mkono hilo kwa moyo wote, kwani wako watoto ambao njia ya skuli inawapitisha mtoni kila siku, na wengine hawaujui mto kabisa.

Mpeleke mwanao kituo cha afya, na mkojo wake utolewe baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati ambapo mayai hutoka kwa wingi. Eleza lini alimeza dawa mara ya mwisho, kisha uulize kama inafaa kuirudia baada ya wiki kadhaa ili kuiua ile minyoo iliyokuwa michanga. Ndugu zake wapimwe pia, hasa wasichana, kwa sababu mayai ya kichocho huweza kujeruhi shingo ya kizazi, na dalili zake mara nyingi hudhaniwa ni maradhi ya zinaa.

Kuhusu mto, asikojoe majini, kwani mayai huanguliwa humo na vijidudu vyake humtafuta konokono. Vinavyotoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu huwa vingi zaidi mchana wa jua kali, saa ile ile ambayo watoto hupenda kupiga mbizi. Maji ya kumwogesha nyumbani, yakitekwa bila ya konokono na kuachwa siku mbili kamili katika chombo kilichofunikwa, vijidudu hivyo huwa vimekwisha kufa.