Kazi ya zimamoto inaanzia wapi: barua kwa Nafula

Mwanangu Nafula,

Salamu kutoka Nakuru. Sisi wazima, ila mama yako analalamikia mvua iliyochelewa na mahindi yanayokunja majani. Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza mtu anaingiaje kazi ya zimamoto, na kama msichana mwenye cheti cha kidato cha nne, anayehesabu magunia kwenye godauni hapo Kisumu, anaweza kuchukuliwa.

La pili nalijibu upesi. Katiba, kifungu cha 232, inasema wanaume na wanawake wapewe nafasi sawa za kuajiriwa, kufunzwa na kupandishwa vyeo katika utumishi wa umma. Atakayekuambia hiyo ni kazi ya wanaume, mwulize nani hubeba mitungi ya maji kwao.

La kwanza ni refu, na sitaki uanze na fomu. Uanze kwa kuijua kazi yenyewe. Watu wakiona gari jekundu linapita wanafikiria moto. Mimi niliyekaa nyuma ya usukani wake hadi nikastaafu nakwambia moto ndio sehemu ndogo. Kinachotushinda mara nyingi ni maji, njia na watu.

Piga hesabu. Gari lina tangi la lita 5,000. Ukifungua mpira mmoja unaotoa lita 500 kwa dakika, baada ya dakika 10 tangi ni kavu, na godauni la unga au magodoro halizimiki kwa dakika 10. Kwa hiyo mzimamoto anayejua kazi anaujua mji kwa maji yake: bomba la zimamoto liko kona gani, lipi limefukiwa chini ya lami, lipi ukilifungua linakohoa hewa tupu. Utasema Kisumu kuna ziwa. Sawa, ziwa lipo, lakini pampu haivuti maji kwa nguvu zake. Inatoa hewa kwenye mpira wa kunyonyea, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji kupanda. Hata pampu nzuri, ukipita mita 7 hivi kutoka usawa wa maji inaanza kushindwa. Huku Nakuru tuko juu kuliko nyinyi, hewa ni nyepesi, kwa hiyo inashindwa mapema zaidi. Nanyi mna gugumaji. Likifunika chujio la mpira, pampu inalia na maji hayaji, na mtu lazima aingie kulitoa kwa mikono huku wenye nyumba wakipiga kelele nyuma yake.

Njia unaijua mwenyewe, umepita Obunga na Nyalenda. Gari la tani nyingi haliingii kwenye vichochoro vile. Unaliacha barabarani na kuvuta mipira kwa miguu, ukiunganisha mmoja baada ya mwingine, na kabla ya tone la maji kutoka unauliza stima imekatwa au la, kwa sababu nyaya za kujiunganishia zimetambaa juu ya mabati kila mahali.

Watu ndio wagumu kuliko vyote. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilianguka Sachangwan, huko upande wa Molo. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafa. Julai 2021 yakatokea yaleyale Malanga, Siaya, kwenye barabara ya kwenu ya kwenda Busia. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu, unatambaa chini kwenye mtaro hadi umkute mtu aliyewasha sigara mbali kabisa na lori. Ukiimwagia petroli maji, inaelea juu yake na moto unatembea nayo, ndiyo maana tunaifunika kwa povu. Lakini povu litasaidia nini kama wenye madumu bado wako pale? Mahali kama hapo kazi yako ya kwanza ni kuwafukuza watu ambao hawataki kufukuzwa. Na ukifika umechelewa, hata kama ni kwa sababu ya msongamano au simu iliyopigwa nyumba imeshaanguka, mawe yatarushwa. Ulijue hilo mapema.

Sasa tuzungumzie milango. Tangu Katiba ya 2010, zimamoto ni kazi ya kaunti, si ya serikali kuu. Anayeajiri ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti, na nafasi hutangazwa magazetini na kwenye tovuti ya kaunti. Hazitangazwi kila mwaka. Alama za KCSE, mtihani wa kidato cha nne, wanazotaka utazisoma kwenye tangazo lenyewe, usisikilize za mitaani. Kutuma maombi hakulipiwi hata shilingi moja. Akija mtu kukwambia anamjua mkubwa fulani na anataka ya chai, nambari yake iweke kwenye orodha ya waliozuiwa. Cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi, kiombe mapema kupitia eCitizen, tovuti ya serikali, maana kuna alama za vidole za kuchukuliwa, na tangazo halitakungoja.

Usiangalie kaunti pekee. Uwanja wa ndege wa Kisumu una wazimamoto wake, na wale wana kipimo kikali: sheria za kimataifa zinataka gari la kwanza lifike mwisho wowote wa njia ya ndege ndani ya dakika 3. Kampuni ya bomba la mafuta ina bohari Kisumu na Nakuru, na penye mafuta mengi lazima pawe na watu waliofunzwa.

Mlango wa karibu zaidi, mwanangu, umeupita kila asubuhi. Kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zinataka mwajiri awe na kikundi cha kuzima moto kati ya wafanyakazi wake, awafunze, na afanye zoezi la kutoka jengoni angalau mara moja kwa mwaka. Nenda kwa msimamizi wako umwulize kikundi cha godauni lenu ni kina nani. Akikutazama kama aliyeulizwa habari za mwezini, sema unajitolea kuwa wa kwanza. Pale utafunzwa mtungi upi huzima moto wa umeme na upi wa karatasi, na siku ya mahojiano utakuwa na la kusema kuliko yule aliyekuja na vyeti vya shule tu. Ongeza mafunzo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu au St John Ambulance. Siku nyingi hakuna moto, kuna ajali ya barabarani na mtu anayevuja damu.

Kuhusu mwili, usikimbilie jimu. Mavazi, kofia na mtungi wa hewa mgongoni huwa kilo 20 na zaidi. Jaza maji mtungi wa lita 20, uubebe ukipanda na kushuka ngazi za hilo ghorofa unaloishi hadi upumuaji wako uwe wa utulivu. Huo utulivu ndio wanaoutafuta. Ndani ya moshi anayehema kwa hofu humaliza hewa yake upesi, na kipenga cha mtungi, kinachoonya kuwa hewa inakwisha, kikianza kulia anatakiwa awe tayari njiani kutoka, si anaanza kutafuta mlango.

Wakikuchukua, miezi ya kwanza utachoka kwa kukunja mipira na utajiuliza ndicho ulichojia. Mpira utaunyoosha chini, uukunje katikati upande juu ya upande, kisha uuviringishe kuanzia pale kwenye mkunjo ili vichwa vyote viwili vya kuungia vibaki nje. Ukikosea, kichwa kimoja kinabaki ndani, na usiku wa kazi hutaweza kuurusha ukafunguka wenyewe. Utafundishwa kupapasa mlango kwa upande wa nyuma wa mkono kuanzia chini kwenda juu kabla ya kuufungua. Utafundishwa pia kutomwaga maji ovyo kwenye chumba kilichofungwa chenye joto kali, kwa kuwa maji yakigeuka mvuke hutanuka mara 1,700 hivi, na mvuke huo unarudi kwako. Msikilize anayekufundisha hata akiwa na maneno makali. Wengi wao wana maneno makali.

Mama yako hataki. Anaona ungesomea ualimu. Nimemwambia aongee nawe mwenyewe, sitambebea ujumbe. Mimi ninachokuomba ujiulize ni kama utaweza kumtoa mtoto aliyekwisha kufa mikononi mwa mama yake, urudi kituoni, ukoshe gari, ukunje mipira, na simu ikilia tena uondoke. Hilo halina mazoezi. Wapo wanaume wenye nguvu walioacha kazi kwa ajili ya hilo tu, nami siwalaumu.

Kama jibu lako bado ni ndiyo, anza na leseni. Chukua ya gari dogo kwanza, baadaye upande hadi daraja la C, la malori, maana kikosi chochote huwa na wavuta mipira wengi na madereva wachache. Nikipokea pensheni mwisho wa mwezi nitakutumia nusu ya karo ya shule ya udereva. Nusu nyingine utafute wewe.

Ni mimi baba yako,
Nakuru