Salil Chowdhury: mtunzi wa mashairi au wa muziki?

Ndugu, umeuliza kama Salil Chowdhury, msanii wa India, alikuwa mtunzi wa muziki wa filamu tu, au na mashairi aliandika mwenyewe. Vyote viwili, na kwa Kibengali mara nyingi maneno na muziki vilitoka kwake.

Alikulia kwenye mashamba ya chai ya Assam, ambako baba yake alikuwa daktari. Humo alisikia nyimbo za vibarua, na nyumbani santuri za Mozart na Beethoven. Njaa kuu ya Bengal ya 1943 ndiyo iliyomsukuma kwenye harakati, akawa anawatungia wakulima nyimbo za mikutano kupitia chama cha wasanii cha IPTA.

Anza na wimbo "Gnayer Bodhu" wa 1949, ulioimbwa na Hemanta Mukherjee. Unamsimulia bibi arusi wa kijijini, maisha yake matulivu, kisha njaa inafagia kila kitu. Ni mrefu kiasi kwamba ilibidi ujaze pande zote mbili za santuri, na muziki unabadilika kadiri kisa kinavyogeuka. Kwangu mimi hakuna kazi yake inayouzidi, hata zile za Bombay, mji wa filamu za Kihindi.

Bombay alifikia kwa kalamu: filamu "Do Bigha Zamin" (1953) ilitokana na hadithi yake, na muziki akatunga yeye. "Madhumati" (1958) ikampa tuzo ya Filmfare. Baadaye akatunga hata nyimbo za filamu za Kimalayalam, lugha ya kusini mwa India, kwenye "Chemmeen" ya 1965. Alifariki 1995.