Kabla hujaandika kwamba sato hana ute

Wadogo zangu wa maabara, wiki hii nimemkuta tena mmoja wenu akisukuma maji kwa sindano ndani ya utumbo wa sato, eti slaidi itoke safi. Safi itatoka kweli, ila ute umekwenda na maji, na ute ndio uliotufanya tununue samaki.

1. Usioshe, na kama unataka kuona tabaka la ute, usitie fomalini (dawa ya kuhifadhi vipande vya mwili). Mimi nilifanya yote mawili. Musini, zinazounda ute, ni protini ndefu zenye minyororo ya sukari, na sukari hizo hushika maji mpaka ute ukavimba. Fomalini ina maji na haiushikilii ute huo, kwa hiyo kipande kikija kukaushwa tabaka husinyaa na kubanduka. Mchanganyiko wa Carnoy (ethanoli, klorofomu na asidi asetiki) hulishikilia mahali pake. Hayo nilikuwa nimeyasoma, lakini chupa ya fomalini ilikuwa karibu, na Carnoy ilitaka kuchanganywa. Kwenye hadubini nikaona bakteria wamekaa juu ya seli zenyewe, katikati hamna kitu. Nikafurahi! Nikaandika ripoti nzima kwamba sato wa bwawani hana kinga ya ute, nikamsingizia bakteria Aeromonas, nikachora na mishale. Msimamizi akasoma kimya, kisha akauliza, "Seli za kutoa ute umeziona?" Nimeziona, zimejaa buluu ya Alcian, rangi inayoonyesha ute. "Sasa zinamtolea nani?" Nilitamani ardhi ipasuke. Na utumbo wote ulikwisha kuingia kwenye fomalini, ikabidi kungoja samaki wengine wakue.

2. Samaki akifa, pasua hapo hapo. Vimeng'enya vyake havikusubiri umalize chai.

3. Makoloni (vishungi vya bakteria) yakipungua kwenye sahani ya kuoteshea, usikimbilie kusema ute umeua. Musini hunasa: bakteria hushika sukari za ute badala ya za seli, kisha hutoka na kinyesi. Wengi wakigandana hutoa koloni moja. Anayepasua kuta zao ni kimeng'enya lisozimu. Kingamwili IgT huwafunika tu. Kijana mmoja alikuja anashangilia kwamba amewamaliza. Tukatazama tone: wamekumbatiana, wazima, wengine wanaogelea. Alinuna mpaka nikamnunulia soda.

4. Andika umekata kipande gani. Utumbo wa sato una urefu mara kadhaa ya samaki mwenyewe, na seli za ute hazikusambaa sawasawa. Kwenye friza kuna vichupa vimeandikwa "katikati" tu. Mwenye navyo aje kabla sijavitupa.